Jirani anasema Uskoti ilikuwa na wafalme wake, basi inaweza kujitoa ikitaka. Ni kweli?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mzanzibari, nauguza hospitalini Dundee, huu ni mwaka wa tano. Jirani yetu, mzee wa Kiskoti, mtu mwema sana, hutuambia kila mara kwamba Uskoti ni nchi kongwe kuliko Uingereza, imekuwa na wafalme wake tangu 843, na kwa kuwa Muungano wa 1707 ulikuwa mkataba wa nchi mbili, mmoja akichoka anaondoka, haombi ruhusa. Mwenzangu wa kazini, Mwingereza, anasema hizo ni ngano tu: Uskoti ni mkoa wenye bunge la kupewa. Mwanangu ana miaka 16 na shuleni wamepewa mjadala huohuo. Kaniuliza, mama, nani mkweli? Nikamwambia ngoja kwanza. Halafu imekuja barua nyumbani ya kujiandikisha kupiga kura, nami sijui kama inatuhusu sisi wageni, au nikiijaza nitajitia matatani na viza. Mambo ya muungano kwetu nayajua, lakini ya huku yananichanganya. Naomba unifafanulie taratibu."

Marahaba, dada yangu. Pole na zamu, na hongera kwa kulea kijana anayeuliza maswali ya namna hii. Nimefundisha historia ya visiwa hivyo kwa miaka mingi, na hoja ya jirani yako naisikia kila mwaka kutoka kwa mwanafunzi mmoja au mwingine. Katika historia jirani yako amepatia sehemu kubwa, lakini katika sheria amekosea. Mwenzako wa kazini ameshika kipande cha sheria, ila neno "mkoa" limempotosha kabisa. Katikati yao kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja, nalo ndilo ningependa mwanao alishike: wafalme wa kale waliiachia Uskoti jina, mipaka na mahakama. Hawakuiachia ufunguo wa mlango wa kutokea. Ufunguo huo ni wa juzi tu, umo ndani ya sheria ya mwaka 1998, na hauzungushwi bila mkono wa London.

Kabla ya wafalme, tuisafishe lugha yetu wenyewe, maana nayo inatuponza. Kwa Kiswahili tunasema "Uingereza" tukikusudia vitu viwili tofauti: nchi ile ya Waingereza yenye mji wa London, na dola nzima inayokusanya Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini. Ndiyo maana vitabu vyetu vya shule vinasema Mwalimu Nyerere alikwenda kusoma Uingereza, ilhali chuo chake kilikuwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kuanzia 1949 hadi 1952. Mskoti akiitwa Mwingereza hukunja uso, na ana sababu. Katika jibu hili nikisema Uingereza nakusudia ile nchi ya kusini peke yake, na dola nzima nitaiita Ufalme wa Muungano.

Sasa huo mwaka 843. Mwaka huo umeshikamana na mtu mmoja, Kenneth MacAlpin, ambaye masimulizi yanasema aliwaunganisha Wapikti wa mashariki na Wagaeli wa Dál Riata, ule ufalme wa pwani ya magharibi uliotazamana na Ireland. Alikuwepo kweli, na alikuwa mtu wa nguvu. Lakini alipofariki mwaka 858, waandishi wa kumbukumbu wa Ireland walimwandika kuwa mfalme wa Wapikti. Hawakuandika kwamba alianzisha nchi mpya. Jina la nchi mpya, Alba, ambalo mpaka leo ndilo jina la Uskoti kwa Kigaeli, linatokea kwenye cheo cha mfalme mwaka 900, pale alipokufa mjukuu wake Donald. Aliyeupa ufalme huo mizizi ni Konstantino wa Pili, aliyekaa kitini zaidi ya miaka arobaini. Alipigwa vibaya na Waingereza kwenye vita vya Brunanburh mwaka 937, ufalme wake haukuvunjika, na uzeeni akaacha taji akaenda kuishi na watawa huko St Andrews. Tena Waingereza nao walipata mfalme wao mmoja, Athelstan, mwaka 927 hivi. Kwa hiyo falme hizo mbili zimezaliwa karibu kizazi kimoja. Jirani yako akisema Uskoti ni kongwe, mkubalie. Akisema ni kongwe kuliko Uingereza kwa mbali, mwambie kwa adabu kwamba hizo ni ndugu waliopishana kidogo tu.

Wala usidhani nchi hiyo ilizaliwa ikiwa na umbo la leo. Mpaka wa kusini uliandikwa kwenye mkataba wa York mwaka 1237. Visiwa vya magharibi vilikuwa mikononi mwa Norway hadi 1266. Orkney na Shetland ziliingia mwaka 1468 na 1469, zikiwa rehani ya mahari ya binti mfalme wa Denmark ambayo baba yake alishindwa kuilipa taslimu. Nchi hujengwa kipande kwa kipande, na hilo wewe mtu wa visiwani hulihitaji kufundishwa.

Kuna tukio moja la mwaka 1249 ambalo nalipenda kuliko mengine yote, maana linaonyesha ufalme huo ulijielewaje. Mfalme alikuwa amefariki, na mrithi, Alexander wa Tatu, alikuwa mtoto wa miaka saba. Walimpeleka Scone, karibu na Perth, wakamkalisha kwenye kiti cha mawe nje, uwanjani, mbele ya wakuu wa nchi. Kisha akatokea mzee wa Kigaeli kutoka milimani, akapiga magoti, akamsalimu kuwa mfalme wa Alba, akaanza kuisoma nasaba yake kwa Kigaeli: huyu mwana wa huyu, mwana wa huyu, akishuka kizazi baada ya kizazi hadi mababu wa kwanza wa hadithi. Wewe uliyekulia mahali watu wanaposoma nasaba utaelewa mara moja kilichokuwa kikifanyika. Mtoto alikuwa akifungwa kwenye mnyororo wa watu waliomtangulia, mbele ya mashahidi, kwa sauti. Hakuwa anamilikishwa ardhi tu.

Lakini nasaba ni nasaba, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Barua mashuhuri ya mwaka 1320, nitaifikia hivi punde, inajivunia wafalme 113 wa damu moja bila mgeni hata mmoja katikati. Hesabu hiyo si historia. Wengi kati ya hao 113 hawakuishi popote ila kwenye wino. Ukienda kasri la Holyrood, Edinburgh, utaona ukumbi mrefu uliojaa picha zao zilizochorwa na Mholanzi Jacob de Wet kuanzia mwaka 1684 kwa agizo la mfalme, zaidi ya tisini zingaliko ukutani, na ukizitazama kwa makini utaona sura zinafanana mno, kwa sababu mchoraji hakuwa na wa kumtazama. Hata urithi wa kiti haukuwa mstari mmoja ulionyooka kutoka baba kwenda mwana. Kwa karne mbili za mwanzo kiti kilipokezanwa kati ya matawi ya ukoo, mara nyingi kwa upanga. Macbeth, ambaye watu wanamjua kwa mambo ya jukwaani tu, alimwua mfalme Duncan vitani mwaka 1040, akatawala miaka kumi na saba, na mwaka 1050 alijiona salama kiasi cha kusafiri kwenda Rumi, ambako aliwagawia maskini fedha. Mtu anayeogopa kupinduliwa hafanyi safari kama hiyo.

Basi wafalme hao waliacha nini kinachoshikika? Mtazame Daudi wa Kwanza, aliyetawala 1124 hadi 1153. Yeye ndiye aliyepiga sarafu za kwanza za ufalme huo, akaanzisha miji yenye hati ya biashara, na akasambaza masherifu, maofisa wa mfalme waliosimamia haki wilayani. (Usiwachanganye na masharifu wetu wa pwani, ni neno jingine na asili nyingine.) Leo, miaka karibu mia tisa baadaye, ukipata kesi ya madai hapo Dundee utaitwa kwenye mahakama ya sherifu. Uingereza haina mahakama ya namna hiyo. Ukiitwa kuwa mzee wa baraza kwenye kesi ya jinai, mtakaa 15, wakati kusini mwa mpaka wanakaa 12. Mkoa haumiliki sheria yake ya jinai, na hili ndilo la kumwambia mwenzako wa kazini.

Jambo la pili waliloliacha ni wazo, nalo lilizaliwa siku wafalme walipokosekana. Mwaka 1286 Alexander yule yule, sasa mtu mzima, alipanda farasi usiku wa tufani kumrudia mkewe katika mji wa Kinghorn, akaanguka na kufa. Watoto wake walikuwa wamemtangulia. Aliyebaki ni mjukuu wa kike, mtoto mdogo huko Norway, naye akafariki mwaka 1290 akiwa njiani. Tangu mwaka uleule wa 1286 wakuu wa nchi walikuwa wamechagua walinzi sita wa kuendesha ufalme usio na mfalme: maaskofu wawili, makabaila wakuu wawili, na mabwana wawili. Muhuri wao haukuwa na sura ya mfalme. Ulikuwa na Mtakatifu Andrea msalabani. Fikiria uzito wa kitu hicho kidogo cha nta: ufalme unaweza kutia sahihi mwenyewe, mfalme akiwepo au asiwepo.

Kisha likaja baa la Edward wa Kwanza wa Uingereza, aliyeitwa kusuluhisha ugomvi wa warithi akataka kuwa bwana wa wote. Mwaka 1296 aliivamia nchi na kulichukua jiwe la Scone, lile ambalo wafalme walitawazwa juu yake, akaenda kuliweka kwenye kanisa la Westminster, London. Vita vya William Wallace na Robert Bruce unavijua au umevisikia. Ninachotaka ukishike ni ile barua ya 1320, iliyoandikwa kwa Papa kutoka Arbroath, mji ulio jirani kabisa na ninyi hapo Dundee. Inamsifu Bruce, halafu inageuka na kusema kwamba akithubutu kuitia nchi chini ya Waingereza watamfukuza kama adui na kumweka mwingine. Jirani yako akisema Waskoti wana desturi ya kuamini kwamba nchi ni ya jumuiya yake na mfalme ni mwenye dhamana tu, chanzo ni hiki. Nitaongeza tahadhari moja, maana mwanao atakutana nayo kwenye mjadala: waliotia mihuri walikuwa mabwana wenye ardhi. Mkulima wa Angus, wilaya ile ya Arbroath, hakuulizwa.

Sasa tufike 1707, penye fundo lenyewe. Tangu 1603 nchi hizo mbili zilikuwa na mfalme mmoja, baada ya James wa Sita wa Uskoti kurithi kiti cha Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, lakini kila nchi ilibaki na bunge lake. Mwishoni mwa karne hiyo Uskoti ilimwaga akiba yake kwenye koloni la Darien, huko Panama, likafa kwa homa, njaa na uhasama wa Wahispania. Waingereza nao walitishia kuwafungia biashara. Ukafuata Muungano, na ndani yake malipo ya pauni 398,085 kwa Uskoti. Mei Mosi 1707 mabunge yote mawili yaliondoka, likaja bunge moja la Great Britain. Kwa maandishi hata bunge la Uingereza lilikufa siku hiyo. Kwa vitendo liliendelea kukaa palepale Westminster, na desturi zilezile, huku Waskoti wakiingia na viti 45 katika bunge la chini. Hapa jirani yako ana haki ya kukereka.

Hata hivyo angalia kilichobakizwa. Mahakama za Uskoti na sheria zake za binafsi zililindwa kwenye vifungu vya mkataba. Kanisa lake lililindwa kwa sheria maalumu. Shule zake na vyuo vyake vikaendelea. Taji liliungana, bunge likaungana, lakini hakimu, mchungaji na mwalimu wa kijiji walibaki Waskoti kwa karibu miaka mia tatu bila bunge. Mimi naamini hao ndio walioibeba nchi mgongoni, zaidi ya kumbukumbu ya wafalme wote. Hata huduma ya afya unayoifanyia kazi iliundwa kwa sheria ya Uskoti peke yake, ya 1947, miaka hamsini na kitu kabla ya bunge la sasa.

Je, mkataba wa 1707 unaweza kuchanwa na upande mmoja? Swali hili liliwahi kupelekwa mahakamani kwa mlango wa pembeni. Malkia Elizabeth aliporithi kiti mwaka 1952 na kuitwa "wa Pili", Waskoti wengi walisema hawajawahi kuwa na Elizabeth wa Kwanza. Mwaka 1953 sanduku la posta lenye alama yake lililipuliwa Edinburgh, na John MacCormick, mwanaharakati wa kujitawala kwa Uskoti, akaenda mahakamani. Alishindwa kesi. Lakini jaji, Lord Cooper, akaandika maneno ambayo Waskoti hawajayasahau: kwamba mamlaka ya bunge yasiyo na kikomo ni kanuni ya Kiingereza, haina mwenzake katika sheria ya katiba ya Uskoti. Ukitoka kesho kwenda dukani litazame sanduku la posta la mtaani kwenu. Kama ni la enzi za malkia huyo, huenda likawa na taji la Uskoti bila ile herufi na namba yake. Ni ushindi wa alama, na alama zina thamani, ila maneno ya Cooper hayakuwa hukumu inayofunga, na hakuna mahakama iliyowahi kuyatumia kuivunja sheria ya Westminster. Mkataba wenyewe hauna kifungu cha kutokea, na nchi mbili zilizouweka hazipo tena kama wadau wanaoweza kuja mezani kuutengua.

Uskoti inayojitawala leo inasimama juu ya kitu kingine. Mwaka 1979 walipiga kura ya kutaka baraza lao, walio wengi wakasema ndiyo, asilimia 51.6, lakini kulikuwa na sharti kwamba waliosema ndiyo wafike asilimia 40 ya wote walioandikishwa, nao hawakufika 33. Likalala. Mwaka 1997 wakaulizwa tena, asilimia 74.3 wakakubali, na mwaka uliofuata Westminster ikapitisha Sheria ya Uskoti. Tarehe 12 Mei 1999 mbunge mkongwe kuliko wote, Winnie Ewing, alisimama akatangaza kwamba Bunge la Uskoti, lililoahirishwa tarehe 25 Machi 1707, sasa limerejea kikaoni. Watu walilia. Nami nikiyasoma maneno hayo mpaka leo husisimka. Kihistoria ni maneno mazuri na ya haki. Kisheria, bunge lililoahirishwa halikurudi. Lilizaliwa bunge jipya lenye wabunge 129, mtoto wa sheria ya Westminster.

Wewe utalielewa upesi kuliko Mwingereza yeyote, kwa sababu mfano wake ni mambo ya Muungano ya kwetu. Sheria ya 1998 haikuorodhesha mamlaka ya Uskoti. Imeorodhesha yale yaliyobaki London: ulinzi, mambo ya nje, sarafu, uhamiaji, sehemu kubwa ya mafao ya jamii, na Muungano wenyewe. Kisichomo kwenye orodha ni cha Holyrood, yaani Bunge la Uskoti, linaloitwa hivyo kwa jina la mtaa lilipo: afya, elimu, mahakama, polisi, nyumba, na tangu 2017 viwango vya kodi ya mshahara. Itoe hati yako ya mshahara. Namba yako ya kodi inaanza na herufi S. Herufi hiyo moja ndiyo Uskoti inayojitawala, na viza iliyomo kwenye simu yako ni London. Serikali mbili zinakaa kwenye mkoba wako mmoja.

Tofauti na kwetu ni kinga. Katiba ya Tanzania inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar kabla ya kugusa orodha ya mambo ya Muungano. Kaunti za Kenya nazo zimo ndani ya Katiba ya 2010. Uskoti haina kinga ya aina hiyo. Sheria ya 2016 inatamka kwamba bunge lake ni la kudumu na halitafutwa bila kura ya wananchi, na kisiasa sioni serikali ya London itakayothubutu. Lakini sheria ya 1998 inasema pia kwamba Westminster bado inaweza kutunga sheria kwa ajili ya Uskoti, na Januari 2023 waziri wa London alitumia kifungu cha 35 kuzuia muswada ambao Holyrood ilikwisha kuupitisha. Ndipo mwenzako wa kazini anapopata neno lake la "kupewa".

Kuhusu kujitoa kabisa, njia imewahi kufunguliwa mara moja. Oktoba 2012 David Cameron, aliyekuwa waziri mkuu wa Ufalme wa Muungano, na Alex Salmond, aliyekuwa kiongozi wa serikali ya Uskoti, walitia sahihi makubaliano huko Edinburgh, Westminster ikakasimu mamlaka kwa muda kupitia kifungu cha 30 cha sheria ya 1998, na tarehe 18 Septemba 2014 Waskoti wakapiga kura. Waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6. Hapana asilimia 55.3, ndiyo 44.7. Dundee yenu ilisema ndiyo kwa zaidi ya asilimia 57, kwa hiyo usishangae jirani yako. Mwaka 2016 Uskoti ilipiga asilimia 62 kubaki katika Umoja wa Ulaya na ikatolewa pamoja na wengine, kidonda kikachubuka upya. Serikali ya Uskoti ikataka kura nyingine, London ikakataa, shauri likafika Mahakama ya Juu. Tarehe 23 Novemba 2022 majaji watano kwa kauli moja, wakiongozwa na Lord Reed ambaye mwenyewe ni Mskoti, walisema Holyrood haina mamlaka ya kuitisha kura hiyo peke yake, hata kama ni ya kupima maoni tu, kwa sababu inagusa Muungano. Hapo ndipo hoja ya "mmoja akichoka anaondoka" ilipofungiwa mlango. Inaweza kubaki kuwa hoja ya haki na ya siasa, na ni hoja nzito. Sheria ya leo haiitambui.

Mwanao atatakiwa apime njia, basi apime bila ushabiki. Kubaki hivi kuna utulivu: Uskoti inaendesha hospitali na shule zake huku ikipata fungu la hazina ya pamoja. Kero yake ni kwamba kinga ni dhaifu na uhamiaji haumo mikononi mwake, ilhali nchi ya watu milioni 5.5 hivi inayozeeka inawahitaji watu kama wewe. Kuongeza mamlaka kwa mtindo wa shirikisho kunavutia wengi, tatizo Uingereza yenyewe haina bunge lake, kama Tanganyika isivyokuwa na lake, na shirikisho ambalo mwenzi mmoja ni mkubwa mara kumi ni gumu kulisawazisha. Uhuru kamili unajibu swali la heshima na la Ulaya, lakini unaleta maswali ya sarafu, na ya mpaka na Uingereza ambayo ndiyo soko kubwa kuliko yote la bidhaa za Uskoti. Mimi si mpiga kura wa huko, sitakuchagulia. Nitasema tu kwamba yeyote anayemwambia mwanao kuwa moja ya njia hizi haina gharama hajafanya hesabu.

Tuje kwenye barua. Inawahusu, na usiitupe. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola, kwa hiyo wewe mwenye kibali halali cha kuishi unaweza kupiga kura za halmashauri, za Holyrood na hata za Westminster. Mwanao kwa miaka yake 16 anapiga za halmashauri na Holyrood, na za Westminster atasubiri 18. Kama mna majirani kutoka Kongo au Burundi, nchi zisizo za Jumuiya ya Madola, waambie nao wana haki ya kura za Uskoti wakiwa na kibali, tangu sheria ya 2020. Kujiandikisha mtu akiwa na haki hakuharibu viza. Kosa ni kuandika uongo.

Ila kuna mambo matatu ambayo usiyamalize kwa kusoma majibu kama haya. Kama kibali cha yeyote nyumbani kimeisha au maombi yake bado hayajajibiwa, mwone kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, ana kwa ana, ukiwa na karatasi zako zote. Ofisi za ushauri kwa wananchi hapo mjini huanza bila malipo. Kama una shaka na fomu yenyewe, nenda ofisi ya uandikishaji wapiga kura, watakujibu papo hapo. La tatu ndilo kubwa kwenu: masomo ya chuo kikuu. Wanafunzi wakazi wa Uskoti hawalipi karo ya shahada ya kwanza, lakini nani anahesabiwa mkazi hutegemea aina ya kibali na miaka mliyokaa, na familia nyingi za kwetu hushtuka kijana akiwa tayari ana nafasi mkononi. Omba miadi na mwalimu mshauri wa shule mwaka huu, usingoje wa mwisho.

Na Jumamosi usiyo na zamu, mchukue kijana mpande treni mwende Perth, hata nusu saa haifiki. Jiwe la Scone liko kwenye makumbusho ya mji huo tangu Machi 2024, baada ya miaka 700 ya Westminster, kuibwa na wanafunzi wanne Krismasi ya 1950, na kurudishwa rasmi Uskoti mwaka 1996. Ni jiwe la mchanga, kilo 152, halina nakshi ya maana, lina pete mbili za chuma za kubebea. London iliazima jiwe hilo Mei 2023 kumtawazia Charles, kisha likarudishwa. Mwache alitazame taratibu, halafu muulize: kama jiwe limerudi na bunge limerudi, ni kitu gani hasa ambacho jirani yetu anasema bado hakijarudi? Akipata jibu lake mwenyewe, ameshauandaa mjadala wake.